Namna ya Kuchagua Mchanga na Tabaka la Juu la Uwanja wa Kupandia Farasi

Katika ujenzi wa uwanja wa kupandia farasi, mchanga ndio unaomwagwa mwisho, na pengine kwa sababu hiyo ndio pia unaofikiriwa mwisho. Udongo huchongwa, kokoto hushindiliwa, uzio husimamishwa, kisha mwenye lori hupigiwa simu na kuambiwa alete mchanga mzuri. Mchanga huo huja kwa jina: mchanga wa mto, mchanga wa plasta, mchanga wa zege, mchanga mweupe. Majina haya yanaeleza mahali ulikotoka au kazi ya ujenzi inayoufaa, lakini hayasemi lolote la uhakika kuhusu hali yake chini ya ukwato. Marundo mawili yenye jina moja, kutoka machimbo mawili, yanaweza kutofautiana kiasi cha kwamba moja litamfaa farasi kwa miaka mingi na jingine litamchosha kano ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo mchanga uchaguliwe kwa chembe zake, chembe hizo zipimwe kabla ya fedha kutoka, na vipimo hivyo visomwe pamoja na msingi utakaoubeba mchanga na maji yatakayopatikana ya kuunyeshea.

Ukwato unadai nini

Farasi wa kupandwa mwenye umbo la kawaida ana uzito wa kilo 450 hadi 550, na anapopiga shoti kuna nukta ambapo mguu mmoja hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito huo. Katika nukta hiyo fupi ukwato hufanya mambo kadhaa kwa mfuatano: hugonga ardhi, huteleza mbele kidogo, husimama na kupokea mzigo wote, kisha ncha yake hujichimbia na kuusukuma mwili mbele. Kila hatua inadai jambo lake. Wakati wa kugonga, uso wa uwanja unapaswa kulegea kidogo ili mshtuko usipande wote kwenye mifupa na viungo. Wakati wa kuteleza, uuachie ukwato usogee kwa sentimita chache bila kuukwamisha ghafla. Wakati wa kubeba, uwe na uimara wa kutosha ili ukwato usizame. Na wakati wa kusukuma, usimeguke nyuma ya ncha ya ukwato.

Ndiyo maana hakuna uwanja ulio "laini" tu au "mgumu" tu ukawa mzuri. Uwanja mgumu mno huumiza viungo na kwato. Wenye mchanga mwingi uliolegea humlazimu farasi kutumia nguvu zaidi na kuzivuta mno kano za nyuma ya mguu. Unaoteleza huteguza misuli na nyonga. Na unaoshika kupita kiasi huusimamisha ukwato ghafla huku mwili ukiendelea kwenda, hivyo mzunguko wote hubebwa na viungo. Wataalamu wanaopima viwanja vya mashindano huangalia sifa tano: ugumu wa pigo la kwanza, uwezo wa kupokea mzigo, mrejesho wa nguvu, mshiko, na usawa wa sifa hizo kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine. Binafsi naiweka hiyo ya tano mbele ya zote. Farasi hujifunza kuishi na uso mgumu kidogo au mlegevu kidogo, lakini hawezi kujiandaa kwa hatua inayoangukia pagumu baada ya hatua tatu zilizoangukia palaini.

Kabla ya mchanga, msingi

Mchanga mzuri juu ya msingi mbovu ni fedha iliyotupwa. Uwanja una tabaka tatu: udongo asilia uliosawazishwa na kushindiliwa, msingi wa kokoto zilizopondwa, na tabaka la juu ambalo farasi hulikanyaga. Udongo wenye mizizi na majani yaliyooza uondolewe wote, kwa sababu utaendelea kuoza na kutitia. Msingi wa kokoto, kwa kawaida wa unene wa sentimita 10 hadi 15 baada ya kushindiliwa, ujengwe kwa kokoto zenye pembe zikichanganywa na vumbi lake la kupondwa, kwa kuwa pembe hizo ndizo zinazofungamana. Kokoto za duara kutoka mtoni hazifungamani. Zitahama na baada ya muda zitaibuka juu ya mchanga, na jiwe moja lililoibuka linatosha kumchubua farasi wayo. Kokoto zimwagwe kwa matabaka membamba, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu kabla ya kuwekwa linalofuata, kwa sababu mashine ya kushindilia haifiki chini ya tabaka nene hata ikionekana kulainisha juu. Pale ambapo udongo wa chini ni wa mfinyanzi au hulowa kwa urahisi, kitambaa cha kutenganisha tabaka kitandazwe kati ya udongo na kokoto ili tope lisipande na kokoto zisizame.

Uso wa msingi uwe na mwinamo wa asilimia 1 hadi 2. Katika uwanja wenye upana wa mita 20 unaoinama upande mmoja, asilimia 1 ni tofauti ya sentimita 20 kati ya ubavu na ubavu, na mpanda farasi haihisi. Mwinamo ukizidi asilimia 2, mvua kubwa huanza kuusomba mchanga na kuurundika upande wa chini. Kuzunguka uwanja uwepo mfereji wa kupokea maji yanayotoka na mwingine wa kuzuia maji yanayotaka kuingia kutoka sehemu za juu.

Kipimo cha msingi uliokamilika ni hiki: gari lenye mzigo lipite juu yake baada ya mvua, nawe uangalie kama linaacha alama. Likiacha alama, usiagize mchanga bado.

Chembe: ukubwa, umbo, ugumu na usafi

Chembe za mchanga zina kipenyo kati ya milimita 0.05 na 2. Zilizozidi hapo ni changarawe. Zilizopungua hapo ni tope laini, na zenye kipenyo cha chini ya milimita 0.002 ni udongo wa mfinyanzi. Ndani ya mchanga wenyewe, chembe za milimita 0.1 hadi 0.25 huitwa ndogo, za 0.25 hadi 0.5 za wastani, na za 0.5 hadi 1 kubwa. Mgawanyo wa makundi haya ndio unaoamua tabia ya uwanja. Mchanga ambao chembe zake zote zina ukubwa mmoja hauna kitu cha kujaza nafasi zilizoachwa kati ya chembe, kwa hiyo hulegea na kumegeka chini ya mguu hata ukiwa wa gharama kubwa. Mchanga wenye mchanganyiko wa ukubwa wa kila namna, kuanzia changarawe hadi unga, hujaza nafasi hizo kabisa na kushikana kama sakafu. Ndiyo sifa inayotakiwa katika zege na ndiyo isiyotakiwa hapa. Uwanja unataka hali ya katikati: chembe nyingi ziwe ndogo na za wastani, ziwepo kubwa kiasi, na unga uwe kidogo.

Kwa uwanja wa matumizi ya kawaida, kipimo ninachokiona salama ni kwamba mchanga wote upite kwenye chekeche la milimita 2, sehemu kubwa yake iwe kati ya milimita 0.1 na 0.5, na chembe za chini ya milimita 0.075 zisizidi asilimia 5 ya uzito. Unga kidogo una faida, kwa maana hushika maji na kuzifunga chembe. Ukizidi, uwanja huwa tope wakati wa mvua, vumbi wakati wa jua, na mgumu katikati ya hali hizo mbili.

Umbo la chembe lina uzito sawa na ukubwa wake. Chembe zilizosuguliwa na maji kwa muda mrefu huwa za duara na hubingirika kama gololi, hivyo farasi hukosa mahali pa kusukumia. Kinyume chake, chembe zinazotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kuponda mawe zina pembe kali. Hufungamana vizuri mwanzoni, lakini huendelea kushikana hadi uwanja ukawa mgumu, na pembe hizo husugua kwato, hasa za farasi asiyevishwa viatu. Chembe zinazofaa zaidi ni zile zenye pembe zilizopunguzwa makali, ambazo hushikana bila kufungana. Hizi hupatikana mara nyingi katika mchanga wa machimbo uliooshwa na kuchekechwa, na katika sehemu za mito ambazo mchanga haujasafiri mbali.

Kuhusu ugumu, mchanga bora ni wenye kwatzi nyingi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwatzi ina daraja la 7 ilhali kalisaiti, ambayo ndiyo madini ya mawe ya chokaa, ina daraja la 3. Mchanga wa chokaa au wa makombe ya baharini husagwa na kwato mwaka baada ya mwaka, na kila chembe inayosagika huongeza unga. Mnunuzi huona uwanja umeanza kutoa vumbi na kuhisi kwamba haukunyeshewa vya kutosha, kumbe mchanga wenyewe umegeuka kitu kingine.

Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu kadhaa zinazokutana: chembe zake mara nyingi ni za duara, una vipande vya makombe, na una chumvi inayokula vyuma vya uzio na kumvutia farasi kulamba. Isitoshe, kuuchota kunaharibu pwani na katika nchi nyingi kunahitaji kibali. Mchanga uliokwishatumika viwandani, hasa ule wa kusubia vyuma, usikubaliwe bila cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba hauna metali nzito wala kemikali za kugandishia.

Vipimo vya kufanya mwenyewe

Omba sampuli ya kilo kadhaa kutoka ndani ya rundo, si kutoka juu, kwa kuwa mvua huosha unga wa juu na kuuacha uso ukiwa safi kuliko kiini. Chota sehemu tatu au nne tofauti za rundo na uchanganye.

Anza na chupa. Tafuta chupa angavu yenye ubavu ulionyooka, ijaze mchanga hadi theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia matone machache ya sabuni ya maji, tikisa kwa nguvu kwa dakika kadhaa kisha iweke pasipotikisika. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja hivi, tope laini huchukua saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea hadi siku inayofuata au zaidi. Kesho yake pima kwa rula unene wa tabaka laini lililolala juu ya mchanga. Likiwa jembamba mno kiasi cha kuonekana kama mstari, mchanga ni safi. Likiwa sehemu ya kumi ya kimo chote, au maji yakiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Kipimo cha pili ni cha kukausha, nami nakithamini kuliko vingine vyote vya nyumbani kwa sababu kinaonyesha kitakachotokea uwanjani bila hesabu yoyote. Lowesha mchanga, ushindilie ndani ya kopo fupi, uache juani hadi ukauke kabisa, kisha ugeuze kopo. Mchanga unaofaa utatoka ukiwa na umbo lakini utavunjika kwa kidole. Ukitoka kama tofali linalohitaji kugongwa, una unga mwingi au mchanganyiko unaofungana, na uwanja wako utafanya vivyo hivyo kila baada ya mvua na jua. Ukimwagika wote papo hapo kama nafaka, hauna kinachoushika na utahitaji maji daima au nyuzi za kuufunga.

Dondosha siki kwenye mchanga mkavu. Povu likitoka kwa wingi, kuna chokaa. Halafu tandaza kiganja cha mchanga juu ya karatasi nyeusi na uangalie kwa kioo cha kukuzia: chembe za duara hung'aa na kubingirika ukiinamisha karatasi, zenye pembe hubaki pale zilipo.

Vipimo hivi vinatosha kukataa mchanga mbaya. Havitoshi kukubali mchanga wa tani mia moja. Kwa kiasi hicho, peleka sampuli kwenye maabara ya udongo au ya vifaa vya ujenzi na uombe mchanganuo wa chekeche, yaani orodha inayoonyesha asilimia ya mchanga inayobaki kwenye kila chekeche. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuuondoa mchanga usiofaa, kazi ambayo karibu kila mara huondoka na sehemu ya msingi. Machimbo mengi makubwa yana mchanganuo tayari; uombe, lakini uangalie tarehe yake, maana mshipa wa mchanga hubadilika kadiri uchimbaji unavyosonga.

Na kabla ya agizo kamili, nunua lori moja au nusu yake, utandaze sehemu ya msingi kwa kina utakachotumia, unyeshee, na umwongoze farasi kwa kamba juu yake, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mkimbio wa polepole. Alama ya ukwato iwe dhahiri na yenye kina kifupi. Kingo zake zisiporomoke. Ncha iwe imegeuza mchanga kidogo bila kuchimba shimo. Na msingi usionekane kamwe.

Kina na kiasi

Kosa linaloumiza farasi wengi ni kuweka mchanga mwingi kwa nia njema. Watu hudhani kwamba sentimita 15 za mchanga ni ukarimu, ilhali farasi anayefanya kazi juu yake hufanya kazi kwenye jangwa. Anza na sentimita 5 zilizopimwa baada ya kunyeshea na kupita juu yake mara kadhaa. Kwa mazoezi ya ardhini yasiyo na kuruka viunzi, sentimita 5 hadi 7 zinatosha. Kwa kuruka, ambapo farasi hutua kwa kishindo na kuhitaji mahali pa kujichimbia anapoinuka, sentimita 7 hadi 10 ni za kawaida. Kwa michezo ambayo farasi husimama kwa kuteleza kwa miguu ya nyuma, hitaji ni tofauti kabisa: msingi uliosawazishwa na mgumu chini, na mchanga uliolegea juu yake, na uwanja wa namna hiyo haufai kwa kuruka. Kama uwanja mmoja lazima uhudumie michezo tofauti, fuata mahitaji ya ule unaofanyika mara nyingi zaidi na upunguze ukali wa mwingine.

Hesabu ya kiasi ni rahisi. Uwanja wa mita 20 kwa 60, ambao ndio kipimo kamili cha mashindano ya mafunzo ya farasi (dressage), una eneo la mita za mraba 1,200. Kwa kina cha sentimita 6 unahitaji mita za ujazo 72. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa takriban tani 1.6, hivyo agizo ni kama tani 115. Uwanja mdogo wa mita 20 kwa 40 kwa kina hicho huchukua mita za ujazo 48, yaani kama tani 77. Sentimita moja zaidi kwenye uwanja mkubwa ni mita za ujazo 12. Agiza kidogo kwanza na uongeze sentimita moja moja, kwa kuwa kuongeza ni kazi ya siku moja na kupunguza ni kazi ya wiki. Mchanga wote utoke kwenye rundo moja, na kila lori liangaliwe kabla ya kumwaga. Lori moja lenye rangi au mguso tofauti litabaki kuwa doa katika uwanja.

Maji na vumbi

Mchanga mkavu hauna nguvu. Kinachozishika chembe pamoja ni utando mwembamba wa maji unaozivuta, na ndiyo sababu mchanga uleule huwa mlegevu ukikauka, imara ukiwa na unyevu, na mlegevu tena ukijaa maji. Kwa mchanga mwingi wa viwanja, unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ya uzito ni eneo zuri la kulenga. Bila kifaa, bana mchanga uliochotwa katikati ya kina: ushike umbo, usitoe maji, na usiache matope kwenye kiganja.

Kabla ya kuchagua mchanga, hesabu maji uliyo nayo. Uwanja wa mita za mraba 1,200 wenye sentimita 6 za mchanga, ukitaka kuupandisha kutoka unyevu wa asilimia 4 hadi 10, unahitaji karibu lita 7,000. Kama kiasi hicho hakipatikani katika miezi ya ukame, mchanga wenye chembe ndogo utakuwa mzigo. Chagua wenye chembe kubwa zaidi na unga mdogo zaidi, ambao hutoa vumbi kidogo hata ukikauka, na ukubali kwamba utakuwa mlegevu kiasi. Uwanja wenye paa haupati mvua kabisa, hivyo maji yake yote hutoka kwenye bomba, lakini pia hauathiriwi na upepo wala mafuriko, na kwa hiyo unaweza kustahimili chembe ndogo zaidi kuliko uwanja wa nje. Nyeshea jioni au alfajiri, polepole, hadi unyevu ufike chini. Kulowesha juu tu huacha ganda jembamba lenye kuteleza juu ya mchanga mkavu.

Vumbi lichukuliwe kama suala la afya ya farasi na ya watu. Vumbi laini la kwatzi likivutwa kwa miaka huleta ugonjwa wa mapafu wa silikosisi, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwalimu anayesimama katikati ya uwanja kila siku hulivuta kuliko mwanafunzi anayekuja mara moja kwa wiki. Farasi naye, anayehema kwa nguvu akiwa kazini, hupata kikohozi na pumu. Hii ndiyo hoja kubwa ya kununua mchanga uliooshwa hata kama bei yake ni ya juu zaidi.

Vya kuchanganya na mchanga

Nyuzi za poliesta au polipropileni huufunga mchanga kwa kazi inayofanana na ile ya mizizi, na husaidia sana mchanga wenye chembe ndogo na safi. Hazisaidii mchanga wenye unga mwingi. Huukusanya tu kuwa mabonge. Vipande vya mpira hupunguza kushikana kwa mchanga na kuongeza mrejesho, ila vihakikishwe kwamba havina waya wa chuma uliobaki kutoka kwenye matairi, na ikumbukwe kwamba vitaelea mvua kubwa ikinyesha na kwamba kuvitupa siku ya kubadilisha uwanja ni shida na gharama. Maranda na vipande vya mbao ni rahisi kupatikana na huhifadhi unyevu, lakini huoza, huteleza vikilowa, na hatimaye hugeuka kuwa unga uleule ambao mnunuzi alilipa fedha kuuepuka. Mchanga uliopakwa nta hauhitaji maji mengi, ingawa bei yake ni kubwa na tabia yake hubadilika kwa joto. Kloridi ya magnesi huvuta unyevu kutoka hewani na kupunguza vumbi. Hukausha kwato na kula vyuma, kwa hiyo miguu ya farasi ioshwe baada ya kazi.

Ushauri wangu ni kwamba uwanja uanze na mchanga peke yake na utumiwe walau kwa msimu wa mvua na wa jua kabla ya kununua kitu chochote cha kuchanganya. Mara nyingi tatizo lililodhaniwa kuhitaji nyuzi hutoweka kwa kunyeshea ipasavyo na kupitisha haro, yaani chombo chenye meno cha kulegeza na kusawazisha mchanga, kwa mpango.

Mafuta machafu ya injini au ya mitambo yasimwagwe uwanjani kwa namna yoyote, hata kama yanatolewa bure na hata kama vumbi linasumbua. Mwaka 1971, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, viwanja vya farasi vilinyunyiziwa mafuta taka ili kuzuia vumbi, na mafuta hayo yalikuwa yamechanganyika na masalia ya kiwanda cha kemikali yenye sumu ya dioksini. Farasi wengi walikufa, ndege walianguka kutoka kwenye mapaa ya mazizi, na watoto waliocheza uwanjani waliugua. Mafuta kutoka kwa mnyunyizaji huyohuyo yalitumika pia kwenye barabara za mji wa Times Beach, ambao serikali iliamua kuununua wote mwaka 1983 ili watu wahamishwe.

Kutandaza na kutunza

Malori yasipite juu ya msingi uliolowa. Mwaga mafungu kuanzia mwisho wa uwanja kuelekea lango, sambaza kwa mashine nyepesi, na upime kina kwa fimbo iliyowekwa alama, kila mita tano kwa urefu na kwa upana. Nyeshea, pitisha haro, pima tena. Meno ya haro yasiguse msingi. Yakiugusa mara moja yatainua kokoto, na tangu hapo kila kupita kutainua nyingine.

Farasi hupenda kufuata ukingo, na hapo ndipo mchanga hukimbia kwanza: nusu husukumwa kwenye ubao wa pembeni na nusu kuelekea ndani. Uvute kwa reki kila wiki kabla mfereji haujatokea, na ubadilishe mwelekeo wa haro kila unapopita ili matuta yasijengeke sehemu moja. Viunzi vya kuruka visogeze mara kwa mara, ili farasi wasiinuke na kutua mahali palepale. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo, kwa kuwa kikikanyagwa hugeuka kuwa unga unaoshika maji na kupeperuka. Majani ya kulisha yasiwekwe juu ya mchanga kamwe. Farasi humeza mchanga pamoja nayo, nao hukaa kwenye utumbo na kuleta maumivu makali ya tumbo yanayoweza kumuua.

Mara moja kwa mwaka rudia kipimo cha chupa na cha kopo kwa mchanga uliochotwa sehemu kadhaa za uwanja, ukiulinganisha na chupa ya sampuli ya kwanza uliyoihifadhi pamoja na mchanganuo wa maabara. Unga ukiwa umeongezeka kidogo, nyongeza ya sentimita moja ya mchanga mpya wenye chembe kubwa kidogo kuliko za awali hurudisha uwiano. Ukiwa umeongezeka sana, na kopo likaanza kutoa tofali, usifunike mchanga uliochoka kwa mchanga mpya, maana huo mpya utachanganyika na unga wa chini na kuchoka ndani ya muda mfupi. Ukwangue wote hadi juu kidogo ya msingi, ukague msingi ukiwa wazi, uzibe mashimo kwa kokoto na vumbi lake, ndipo uagize upya ukiwa na ile karatasi ya mchanganuo mkononi.